Waliahidiwa Serikali Ndogo
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani



Mada tuliyokabidhiwa inahusu uaminifu katika siasa. Tumeona vema tusiizungumzie kwa maneno ya jumla, kwa kuwa maneno ya jumla kila chama huyakubali. Tumechagua mfano mmoja, tena wa mbali: wapiga kura wahafidhina wa Marekani, ambao kwa zaidi ya miaka 40 wamekipa kura zao Chama cha Republican kwa sababu kiliwaahidi serikali ndogo, na ambao mara kwa mara wamekuta kwamba serikali imezidi kukua mikononi mwa watu wao wenyewe.

Huenda baadhi yenu mnajiuliza kuna faida gani kukaa katika ukumbi wa parokia na kujadili manung'uniko ya wapiga kura wa Ohio au Utah. Faida ipo. Mwezi Januari mwaka 2025, wauguzi wa zahanati nyingi za Afrika ya Mashariki walipoambiwa wasimamishe kazi zilizolipiwa kwa fedha za Marekani, chanzo cha amri ile kilikuwa ndani ya ugomvi huu tunaokwenda kuueleza. Mgonjwa aliyekwenda kuchukua dawa zake hakuwa na habari kwamba anahusika nao, lakini alihusika. Tutarudi hapo baadaye.

Kwanza tuwatendee haki watu hao. Ni rahisi mno kuwachora kama watu wasiojali maskini. Wengi wao ni watu wa kusali, wakulima, wenye maduka madogo, wastaafu, mafundi. Wanaamini kwamba familia, kanisa, mji mdogo na jimbo vinaijua shida ya jirani kuliko ofisa aliyekaa Washington. Katiba yao inawaunga mkono kwa kiasi kikubwa: Rekebisho la 10, lililoidhinishwa mwaka 1791, linaeleza kwamba madaraka ambayo hayakukabidhiwa kwa serikali kuu yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Katika jambo hilo hawako mbali na mafundisho ya Kanisa juu ya kanuni ya auni, aliyoifafanua Papa Pio XI mwaka 1931 katika waraka wake Quadragesimo Anno: kwamba ni kinyume cha haki chombo kikubwa kunyakua kazi ambayo chombo kidogo kinaweza kuitimiza chenyewe.

Ahadi yenyewe ilitangazwa wazi. Ronald Reagan, alipokuwa akiapishwa tarehe 20 Januari 1981, aliwaambia wananchi kwamba katika msukosuko ule serikali haikuwa dawa ya matatizo yao, bali ndiyo tatizo lenyewe. Tangu siku hiyo kauli hiyo imekuwa kama kanuni ya imani ya chama. Mwaka 1994 chama kilishinda wingi wa viti katika Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, kikiongozwa na Newt Gingrich, na mwaka 1996 ilani yake ya uchaguzi ilitaka Wizara ya Elimu ya serikali kuu ifutwe kabisa. Kwa miaka michache ilionekana kama ahadi inatimia. Hata Rais Bill Clinton, wa chama pinzani, alitamka mwaka 1996 kwamba zama za serikali kubwa zimekwisha, na kuanzia mwaka 1998 hadi 2001 bajeti ilikuwa na ziada. Tuseme kweli: ziada hiyo ilipatikana wakati ambapo Ikulu ilikuwa ya chama kimoja na Bunge la chama kingine, kila upande ukiuzuia mwingine mkono usiingie hazinani.

Kisha mwaka 2001 akaingia George W. Bush, na kwa muda mrefu wa miaka yake sita ya kwanza chama kilishika Ikulu na mabaraza yote mawili ya Bunge. Sasa hapakuwa na mtu wa kusingiziwa. Wapiga kura walisubiri mavuno.

Walichokiona ni hiki. Tarehe 8 Januari 2002 Rais alitia sahihi sheria ya elimu iliyojulikana kwa jina la kutomwacha mtoto yeyote nyuma. Wizara ile ile iliyokuwa ifutwe sasa ilipewa nguvu ya kudai kila jimbo lipime watoto kila mwaka katika kusoma na hesabu, tangu darasa la tatu hadi la nane. Mwezi Novemba mwaka huo ikaundwa Wizara ya Usalama wa Ndani. Hiyo angalau ilikuwa na sababu ya mashambulizi ya Septemba 2001, na wengi waliivumilia. Lakini usiku wa tarehe 22 Novemba 2003 uvumilivu wa wengi uliisha, na hapo inafaa tukae kidogo.

Usiku ule Baraza la Wawakilishi lilipigia kura muswada wa kuongeza dawa katika Medicare, yaani bima ya afya ya wazee inayoendeshwa na serikali kuu. Kura ilianza usiku wa manane umepita, kama saa tisa. Kwa desturi kura ya namna hiyo huchukua dakika 15. Dakika 15 zilipokwisha, muswada wa Rais ulikuwa unashindwa, kwa sababu wabunge wa chama chake mwenyewe walikuwa wameukataa. Viongozi hawakufunga kura. Waliiacha wazi kwa karibu saa tatu, wakipita kutoka kiti hadi kiti, wakibembeleza na kushurutisha, mpaka alfajiri hesabu ikageuka: 220 kwa 215. Mwaka uliofuata Kamati ya Maadili ya Baraza ilimkemea Tom DeLay, kiongozi wa wabunge wa Republican, kwa kumwahidi mbunge Nick Smith wa Michigan kwamba angemuunga mkono mwanawe katika uchaguzi endapo baba angebadili kura. Smith hakubadili. Wabunge 25 wa Republican walikataa hadi mwisho, na miongoni mwao alikuwa Mike Pence wa Indiana, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais.

Si hivyo tu. Wabunge walikuwa wameambiwa kwamba mpango huo ungegharimu dola bilioni 400 hivi kwa miaka kumi. Majuma machache baada ya Rais kutia sahihi, serikali ikatangaza kwamba hesabu yake yenyewe ni bilioni 534. Baadaye ikajulikana kwamba mtaalamu mkuu wa hesabu za Medicare alikuwa na makadirio makubwa zaidi kabla ya kura, akazuiliwa asiwape wabunge. Na ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kifungu kilichoikataza serikali kupatana bei na makampuni ya dawa. Kifungu hicho kilidumu hadi kilipolegezwa kwa sheria ya mwaka 2022. Hapo mhafidhina wa kawaida alikuwa na haki ya kuuliza: hii ni serikali ndogo, au ni serikali kubwa inayojifunga mikono pale tu mwenye kampuni anapofaidi?

Hatusemi kwamba wazee hawakuhitaji dawa. Walihitaji, na wengi walisaidika kuanzia Januari 2006 mpango ulipoanza. Tunachosema ni kwamba mwenye kura aliambiwa jambo moja mchana na likatendwa jingine usiku, tena kwa hesabu zilizofichwa. Hilo ni suala la haki, hata kama tunda lake lilikuwa na utamu.

Mambo yaliyofuata yanaweza kupitiwa haraka. Mwaka 2005 ikapitishwa sheria ya barabara ya dola bilioni 286, iliyobeba miradi zaidi ya 6,000 ambayo wabunge waliichomeka kwa ajili ya maeneo yao. Mmoja ulikuwa daraja la Alaska, kutoka mji wa Ketchikan hadi kisiwa cha Gravina, chenye uwanja wa ndege na wakazi kama 50. Mwezi Oktoba mwaka huo seneta Tom Coburn wa Oklahoma, naye wa Republican, alipendekeza fedha za daraja zihamishiwe Louisiana, kurekebisha daraja lililobomolewa na kimbunga Katrina. Maseneta wenzake walimkatalia kwa kura 82 kwa 15. Rais mwenyewe hakutumia kura ya turufu hata mara moja hadi Julai 2006. Matumizi ya serikali kuu, yaliyokuwa chini ya dola trilioni 1.9 mwaka wa fedha 2001, yalikaribia trilioni 3 mwaka 2008. Mwezi Novemba 2006 chama kilipoteza mabaraza yote mawili. Vita vya Iraq vilichangia sana, bila shaka, lakini wahafidhina wengi walisema wazi kwamba hawaoni tena sababu ya kuwapigania watu wanaotumia fedha kama wapinzani wao.

Pigo la mwisho lilikuja mwaka 2008 mabenki makubwa yalipoyumba. Serikali ya Bush iliomba dola bilioni 700 za kuyaokoa. Tarehe 29 Septemba Baraza la Wawakilishi lilikataa kwa kura 228 kwa 205, na theluthi mbili ya wabunge wa Republican wakiwa upande wa kukataa. Siku hiyo soko la hisa la New York lilianguka kwa pointi 777. Hofu ikafanya kazi yake, na tarehe 3 Oktoba sheria ikapita. Jaribuni kuliangalia jambo hili kwa macho ya mwenye duka katika mji mdogo. Duka lake likifilisika hakuna wa kumwokoa, naye hategemei wa kumwokoa. Ndiyo imani yake. Sasa anaambiwa kwamba kodi yake itaokoa mabenki ya New York, na anayemwambia ni Rais aliyempigia kura. Kutoka katika hasira hiyo, na hasira ya mpango wa matumizi wa Rais Barack Obama uliofuata, ndipo lilipozaliwa vuguvugu la Tea Party mwanzoni mwa mwaka 2009.

Watu hao hawakukaa nyumbani kununa. Mwezi Mei 2010, katika mkutano wa chama wa jimbo la Utah, walimwangusha seneta Bob Bennett aliyekuwa ametumikia miaka 18, na kosa walilomtajia zaidi lilikuwa kuunga mkono fedha za mabenki. Mwezi Novemba chama kikapata viti 63 zaidi katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2014 wakamwangusha Eric Cantor, mtu wa pili kwa ukubwa miongoni mwa wabunge wao. Viongozi wa parokia mnaolalamika kwamba wananchi hawawawajibishi wabunge wao, hapa mna somo la jinsi inavyofanyika: kwa mikutano ya ngazi ya chini, kwa subira, na kwa kukumbuka kura iliyopigwa miaka miwili iliyopita.

Hata hivyo serikali haikupungua kwa kiasi walichokitaka. Kwa nini? Wengi wao hujibu kwa neno moja, usaliti. Sisi tunaona jibu hilo ni nusu tu. Nusu ya pili iko katika hesabu, na haiwafurahishi.

Fedha za serikali ya Marekani zinakwenda wapi? Sehemu kubwa kabisa inakwenda kwenye pensheni ya uzeeni iitwayo Social Security, Medicare, bima ya afya ya maskini iitwayo Medicaid, ulinzi, na riba ya deni. Katika mwaka wa fedha 2024 matumizi yote yalikuwa dola trilioni 6.75 hivi, na riba peke yake ilipita matumizi ya ulinzi. Sasa, nani wanaopokea pensheni na bima ya wazee? Ni wazee. Na wazee, wakichukuliwa kwa jumla, ndio nguzo ya wapiga kura wa Republican. Mwaka 2009, katika mkutano wa mbunge Bob Inglis huko South Carolina, mzee mmoja alisimama na kudai kwamba serikali iondoe mikono yake katika Medicare yake. Inglis alijaribu kumweleza kwa upole kwamba Medicare ni ya serikali, asieleweke. Msicheke sana, ndugu zetu. Kila mmoja wetu ana ruzuku yake ambayo haiiti ruzuku.

Donald Trump alilielewa hilo mapema kuliko wenzake. Katika kampeni ya mwaka 2016 aliahidi kwamba hatagusa Social Security wala Medicare, akawashinda wale waliohubiri kubana matumizi. Mwaka wa fedha 2019, kabla ya ugonjwa wa UVIKO na wakati uchumi ukiwa na afya, nakisi ya bajeti ilikaribia dola trilioni moja. Wapo wahafidhina wa zamani walioona hapo kwamba ahadi ya Reagan imezikwa. Wengine waliona wamepata mambo mengine waliyoyathamini, majaji na mipaka, wakanyamaza kuhusu bajeti.

Na sasa turudi kwenye zahanati. Mwaka 2025 Trump alirudi Ikulu na chama kikashika tena mabaraza yote mawili. Tarehe 20 Januari aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90 ili ichunguzwe. Tarehe 1 Julai shirika la USAID likakoma. Mwezi huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kufuta dola bilioni 9 zilizokwisha kuidhinishwa, sehemu kubwa ikiwa misaada ya nje. Dola milioni 400 za mpango wa UKIMWI ziliondolewa kwenye orodha ya kufutwa baada ya maseneta kadhaa wa Republican kukataa. Wapiga kura wengi walishangilia: hatimaye chama kinakata! Lakini misaada yote ya nje ilikuwa kama asilimia moja ya bajeti. Na tarehe 4 Julai Rais alitia sahihi sheria nyingine, kubwa, ambayo ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba itaongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi. Wekeni namba hizo mbili pamoja: bilioni 9 zilizokatwa, trilioni 3.4 zilizoongezwa. Ya pili ni zaidi ya mara 370 ya ya kwanza.

Watakaoitetea watasema kwamba sehemu kubwa ya trilioni hizo ni kodi iliyopunguzwa, na kupunguza kodi si kupanua serikali. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini matumizi ya mwaka wa fedha 2025 yalifikia takriban dola trilioni 7, na serikali inayotumia zaidi huku ikikusanya pungufu inawatoza kodi watoto ambao hawajazaliwa. Wahafidhina wenyewe ndio waliotufundisha kusema hivyo.

Mnaona basi ni wapi kisu kilipita. Kilipowafikia wenye kura, kiliwekwa chini. Kilipowafikia makampuni ya dawa, mwaka 2003, kiliwekwa chini. Kilipomfikia mgonjwa wa Kenya, Tanzania au Uganda, asiye na kura Marekani, kilikata. Hata Medicaid, iliyokatwa kwa sheria ile ya Julai, ni bima ya maskini. Kinaya chake ni kwamba mpango wa UKIMWI ulianzishwa mwaka 2003 na Bush yule yule aliyelaumiwa kwa kupanua serikali: dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na nchi zetu tatu zikawa miongoni mwa 15 za kwanza kulengwa. Shirika la Catholic Relief Services lilikuwa mojawapo ya yaliyopokea fedha hizo na kuzifikisha katika hospitali za misioni. Serikali ya Marekani imehesabu maisha zaidi ya milioni 25 yaliyookolewa duniani. Mhafidhina mwenye msimamo mkali angeweza kusema kwamba kazi hiyo haikuwa ya Washington. Tungemwuliza, ilikuwa ya nani? Kijiji gani, jimbo gani, parokia gani ingeweza kununua dawa hizo mwaka 2003?

Ndipo tunapoachana nao njia. Kanuni ya auni ina pande mbili, nao wameshika mmoja. Chombo kikubwa kisinyakue kazi ya chombo kidogo. Lakini chombo kidogo kikielemewa, kikubwa kina wajibu wa kukisaidia. Papa Leo XIII, mwaka 1891, alifundisha kwamba maskini wana dai la pekee juu ya ulinzi wa dola, kwa kuwa matajiri wana njia nyingi za kujilinda. Papa Yohane Paulo II, mwaka 1991 katika Centesimus Annus, alionya kwamba dola inayojitwika kila msaada huwanyang'anya watu bidii yao na kuzaa urasimu. Alisema hayo katika waraka ule ule uliotetea haki za wafanyakazi na maskini. Wazee wetu wa Tanzania hawahitaji kufundishwa upande wa kwanza: wanakumbuka halmashauri zilipofutwa mwaka 1972 na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na jinsi ilivyobidi kuvirudisha katika miaka ya 1980.

Kwa hiyo tunawahesabu wapiga kura hawa kuwa wameonewa, na tunasema hivyo bila kuficha. Waliahidiwa, wakadanganywa kwa hesabu, wakatumiwa katika kila uchaguzi. Hata wabunge wachache walioishika ahadi walilipa. Mwaka 2025 mbunge Thomas Massie wa Kentucky aliikataa sheria ya Julai kwa sababu ya deni, pamoja na seneta Rand Paul wa jimbo hilo hilo, na Rais akatangaza kwamba atamtafutia Massie mpinzani ndani ya chama. Aliyetenda kama ilani ya zamani ilivyosema ndiye aliyeitwa msaliti. Ilipofika Oktoba 2025 deni la taifa lilikuwa limepita dola trilioni 38.

Tumebakiza nusu saa. Tungependa kuwasikia kwanza wale wanaohudumu katika vituo vya afya, watueleze ni dawa gani zilikosekana mwaka ule wa 2025, kwa muda gani, na ni nani aliyeziba pengo. Katibu ataandika.